Shimo Lisiloruhusiwa Kukimbia

Wasiocheza bao hudhani sheria zake zote ni za kula. Kula hata mtoto wa Mwigobero, pale Musoma, anajua. Kazi iko kwenye kukimbia.

Nieleze kidogo kwa waliokulia kwenye drafti. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu 32 zake. Mnaanza kwa kunamua, mkiingiza kete mojamoja kutoka mkononi. Zikiisha mnaingia mtaji, na hapo ndipo heshima za watu hupotea. Penye kula lazima ule, hata kama unaona wazi kwamba unalishwa. Pasipo kula unatakata: unazoa kete zako na kuzisambaza upande wako, yaani unahama huku ukijifanya ulipanga. Shimo lenye kete moja halichezeki.

Halafu kuna kutakatia. Mwenzako katakata, wewe huna pa kula, naye anatishia shimo lako moja tu. Shimo hilo, ingawa mali ni yako, huruhusiwi kuliondoa. Msamaha upo kwa nyumba, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, au kama mstari wa mbele hauna shimo jingine la kuchezea. Vinginevyo unacheza kwingine huku unalitazama. Nadhani aliyeitunga sheria hii alikuwa anadai watu.

Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na Mwalimu alilipenda bao. Matokeo yake, kila mzee niliyecheza naye huko ananiambia aliwahi kumfunga Mwalimu. Kama wote wanasema kweli, sijui nchi iliongozwa saa ngapi.

Mmoja wao alinikaribisha nikielekea Bunda, wakati hiace yangu ya kwenda Makutano ikisubiri abiria. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kunitakatia shimo la kete tisa, karibu kwa pumzi moja.

“Cheza, mwanangu.”

“Nafikiri, mzee.”

“Fikiri. Mimi nakwenda kumhamisha ndama.”

Akaondoka kweli. Nikabaki na zile kete tisa, nene, zimejaa shimo, hazina pa kwenda. Sheria ya watazamaji ni kufunga mdomo, kwa hiyo wao hukohoa. Kijana wa bodaboda akakohoa nilipogusa kichwa, shimo la mwisho la mstari wa mbele. Nikaona hiyo ni ishara, nikazoa, nikatakata kuelekea kulia kwa madaha. Mzee akarudi, akala zile tisa, akazunguka nazo upande wake wote, akanimaliza mstari wa mbele. Nikamgeukia mshauri wangu.

“Kaka, mbona ulikohoa?”

“Nina mafua.”

Hiace nayo ilikuwa imejaa, ikaondoka.

Bunda nilifika jioni, nimechelewa kikao cha harusi ya shemeji. Wanakamati walikuwa wamekwisha kunipangia mchango bila mimi kuwepo, na nilipouliza kama unaweza kupungua, mwenyekiti akasema hoja hiyo imepita. Nikaenda kutafuta faraja kibarazani kwa fundi cherehani karibu na stendi, palipokuwa na bao lililokosa kete moja. Komwe zilikuwa 63, ya mwisho ilimezwa na mbuzi. Kizibo cha soda kilikataliwa kwa sababu kinachagua upande wa kulalia. Fundi akanitazama kifuani, akachukua mkasi, akakata kifungo cha shati langu kabla sijasema neno. Kilikuwa cha tumboni.

Tukanamua, tukaingia mtaji. Kifungo changu kilikaa shimoni na komwe tatu, nami nikakilinda kuliko nyumba, mpaka fundi akatakata mara moja, taratibu, akaegemea kiti.

“Umetakatiwa, shemeji.”

Akakila raundi iliyofuata. Mchezo ulipokwisha nikamwomba kifungo changu, nikimkumbusha kwamba yeye ni fundi, sindano na uzi viko pale mkononi mwake.

“Kukushonea nitakushonea,” akasema, “lakini hiki nimekula. Vifungo vingine ninauza.”