Uhalisia, Bwana!

Wajenzi wa miji ya kwenye kompyuta wana subira ya ajabu. Mtu anaunda mkoa mzima ndani ya SimCity 4, mchezo wa 2003: mto unapinda inavyostahili, reli inakwepa mlima, kijiji cha wavuvi kina jina na ukoo wake. Kisha anakesha akihamisha mti mmoja, eti haujakaa kiasili. Haya. Waliotengeneza SimCity ya 2013 walipoangalia maegesho halisi ya Marekani, waliona wakiyaweka yote mji utageuka uwanja wa lami, wakajifanya mengi yamefukiwa ardhini. Na mchezaji wetu mpenda uhalisia, ambaye ndiye meya wa mji wake, hajawahi kudaiwa fidia hata siku moja: anabofya, nyumba chali, wenyewe wanaondoka bila kuuliza mwenyekiti wa mtaa yuko wapi.