Mbinu Sita za Kuishinda Mita Janja ya Maji

Mkaaji mwenzangu wa Machakos, najua humwibii mtu. Unataka tu maji ya bure, kama wanavyotaka watu wote wenye akili timamu. Siku mita janja itakapofungwa langoni pako, usitie hofu. Fuata hatua hizi.

1. Fuga mbwa mkali. Enzi ya mita ya zamani, msoma mita alibweka kidogo yeye mwenyewe kwa woga, kisha akakadiria bili na kwenda zake. Mita janja haibishi hodi. Ina betri yake inayodumu miaka kadhaa, na husoma na kutuma namba kwa mawimbi ya redio au mtandao wa simu, hata usiku. Mbwa mlishe vizuri hata hivyo. Lazima kuwe na mtu wa kulaumiwa.

2. Weka sumaku. Chomoa ile ya spika mbovu, ibandike juu ya mita, kisha jipongeze. Mita ya zamani ilikuwa na gurudumu linalozungushwa na maji, na mara nyingi sumaku ndogo ndani yake ndiyo iliyosukuma namba. Mita janja nyingi ni za mawimbi ya sauti, na hizo hazina gurudumu. Vitambuzi viwili hupigiana sauti ndani ya bomba, kimoja kuelekea maji yanakokwenda, kingine kuyakabili. Tofauti ya muda wa safari hizo mbili ndiyo inayoonyesha maji yanakwenda kasi gani. Sumaku yako itabaki kuwa pambo. Mita nyingi za aina hii pia huandika kwamba zimeguswa, pamoja na tarehe na saa, ili usije ukasahau.

3. Igeuze nyuma mbele. Fundi wa usiku atakwambia namba zitarudi nyuma. Kwa baadhi ya mita za zamani alisema kweli. Hii mpya inajua maji yanatoka upande gani, na yakirudi nyuma inatuma taarifa. Mlipe fundi hata hivyo. Naye ana watoto.

4. Pitisha bomba la pembeni. Bomba la maji la Nol Turesh huanzia chini ya Kilimanjaro na hutobolewa njia nzima kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo kwa nini wewe wa mtaa wa Mumbuni uwe wa mwisho kutoboa? Chimba usiku, fukia, panda maua juu. Kuna mita kubwa inayoweza kufungwa mwanzoni mwa mtaa, na kazi yake ni kujumlisha tu: yaliyoingia mtaani, toa yaliyosomwa majumbani. Unit moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Nyumba ya watu sita inayotumia unit moja kwa mwezi, huku nyasi zake ni za kijani mwezi wa Septemba, haihitaji mpelelezi. Lakini usiache kumwagilia. Majirani watasema nini?

5. Lalamika kuhusu hewa. Maji ya mgao yanaporudi, hewa hutangulia, na mita ya zamani huizungukia kama maji. Malalamiko hayo yalikuwa halali, nasi tuliyatumia vizuri. Mita ya mawimbi ya sauti huhitaji bomba lililojaa maji ndipo ihesabu, kwa hiyo tafuta kisingizio kingine mapema.

6. Puuza ujumbe wa saa nane usiku. Ukiambiwa na kampuni ya maji kwamba maji yanapita bila kusimama wakati nyumba nzima imelala, wajibu kwamba kampuni imeingiwa na shetani. Usithubutu kutazama choo. Tenki la choo linalovuja robo lita kwa dakika humaliza lita 360 kwa siku, yaani mitungi 18. Kwa mwezi ni karibu unit 11. Ungelazimika kununua mitungi hiyo kwa mwenye mkokoteni, ungemwita mwizi.

Usijione mpweke katika jitihada hizi. Ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hupotea au hayalipiwi. Sehemu ya gharama hiyo huishia kwenye bei ya kila unit, na wewe na mimi tunailipa kwa upendo.

Kama umechoka, iko njia ya mkato ambayo fundi wa usiku hapendi kuitaja. Funga mifereji yote kabla ya kulala, andika namba za mita, zisome tena alfajiri. Zikiwa zimesonga, mwizi yuko ndani ya nyumba, na yawezekana sana kwamba ni choo. Nunua boya jipya. Ni rahisi kuliko sumaku, fundi, mbwa na faini.