Mwongozo wa Kuweka Sola Lemera

Usingoje nyaya. Mto Ruzizi unazalisha umeme tangu miaka ya 1950, na umeme huo umefika Bukavu na Uvira. Wewe uko Lemera, mlimani; una jua.

Piga hesabu kwanza. Andika unachotumia kila mwezi kwa mafuta ya taa, mishumaa na kuchaji simu sokoni. Jumla hiyo ndiyo faida yako. Itunze karatasi, maana faida yenyewe hutaiona kwingine.

Teremka Uvira ununue plake ya sola ya wati 100. Muulize muuzaji kama kweli ni 100. Atasema ndiyo, wote husema ndiyo. Ikiwa ni ya kweli, saa 5 za jua kali hukupa wati-saa 500 hivi. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 6 hula 120 tu, redio na simu zenu zikashiba. Pasi ya wati 1000 humaliza mapato ya kutwa kwa nusu saa. Pasi italetwa. Atakayeileta ni shemeji.

Usinunue betri ya gari. Hiyo iliundwa iamshe injini kisha ipumzike, haikuundwa kukesha na televisheni. Utainunua, ni rahisi. Basi usiinyonye kupita nusu. Regulata, kile kidude kati ya plake na betri, ikikata umeme, iache: inaokoa betri. Fundi akisema tuiruke regulata kidogo, mkatalie, isipokuwa usiku wa fainali, ambapo mtoaji wa wazo ni wewe.

Lemera iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo plake iinamie kaskazini kidogo, mvua iioshe. Fundi ataielekeza barabarani, ionekane.

Sasa zile sheria za kuchaji simu za watu, ambazo hakuna atakayekuambia. Jirani hatozwi. Mchungaji hatozwi, wala simu yake haipangi foleni. Mwalimu atalipa mshahara ukitoka, kwa hiyo usimuulize. Mama mkwe huleta simu mbili, na moja si yake. Ukitaka kutoza, usiandike bei mlangoni: nyumba yenye bei ni duka, na duka hutembelewa na watu wenye vitabu vya risiti. Mmoja wao ataomba kuchaji.

Septemba mvua huanza, mawingu hukaa mpaka Mei, na simu haziji pungufu. Anza leo kuweka akiba ya betri ya pili.