Sifa za Boti Inayodunda

Jahazi lina nyimbo zake. Meli ina picha zake kwenye kalenda za ukutani. Hata nzi ana sifa zake zilizoandikwa: Lucian wa Samosata alimtungia, kwa Kigiriki, katika karne ya 2. Lakini boti ndogo ya alumini iendayo Liuli kutoka Mbamba Bay, ile ambayo ikishika kasi huinua uso, ikauangusha, ikauinua tena, ikauangusha tena, mpaka abiria akajing'ata ulimi katikati ya salamu, haijapata wa kuisemea. Kazi hiyo naichukua mimi, bila malipo, na kiuno bado kinauma.

Kwanza tutenganishe anayestahili sifa na asiyestahili. Upepo wa mwera ukivuma, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, kila chombo Ziwa Nyasa hurushwa, na boti inayorushwa na wimbi haina jitihada yoyote ya kwake. Siku hiyo mwenye akili hukaa nchi kavu akala dagaa wake. Ninayoisifu ni ile inayodunda alfajiri, maji yamelala, hakuna hata upepo wa kuzima kiberiti. Abiria anatazama huku na huku akiyatafuta mawimbi, hayaoni. Mdundo unatoka kwenye boti yenyewe.

Mtumbwi haujui kudunda hivyo, wala meli ya MV Mbeya II haijui. Kimoja kidogo, kingine kikubwa, vyote viwili vinayasukuma maji pembeni na kupita zao, vimeridhika na hali. Chombo kikitaka kudunda sharti kwanza kikatae kukaa majini. Kinaongeza kasi mpaka maji yaliyo chini ya tumbo yakibebe juu. Sehemu inayogusa maji inapungua, inarudi nyuma, mwishowe kinabaki kimekalia kitako tu. Hapo omo iko hewani haina wa kuishikilia, basi inaanguka. Ikianguka inalowesha tumbo lote, maji yanapata tena mahali pa kusukuma, yanairusha. Boti ikizidiwa uzito nyuma, mchezo huo haukomi mpaka nahodha apunguze moto, jambo ambalo manahodha wa kwetu huliona ni fedheha.

Na ukoo wa mdundo huu si haba. Miaka ya 1930 wataalamu wa Uingereza waliburuta vielelezo vya ndege za majini ndani ya mahodhi marefu, wakitafuta kwa nini ndege hizo hudunda namna hii hii zinapokimbia ili ziruke. Ndege za jamii hiyo zilifika mpaka ziwa hili: mwaka 1949 na 1950, ndege za shirika la BOAC zilizokuwa zikienda Afrika Kusini zilitua Cape Maclear, upande wa Malawi. Kwa hiyo goti lako likigonga ubao wa kukalia, jua kwamba ugonjwa huo umewahi kuwasumbua wenye tiketi za bei mbaya.

Kuna pia suala la urithi. Zamani mtu wa Mbinga aliyeteremka kwenda ziwani alifika akiwa ameshapikwa na barabara: mashimo, makorongo, vumbi mpaka kwenye kope. Siku hizi kilomita 66 za kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, na abiria anashuka kwenye gari shati halijakunjamana, utadhani anatoka harusini. Kizazi kitakua bila kujua mtikisiko. Boti inayodunda imebaki peke yake kuhifadhi kumbukumbu hiyo, tena haijawahi kuomba bajeti ya makumbusho.

Lakini hizo zote ni sifa za njiani. Sifa yenyewe ni hii: pwani nzima, kutoka Lituhi hadi Chiwindi, ni boti inayodunda tu inayosema ukweli kuhusu uzito wa watu.

Tazama boti ndogo ikipakiwa. Injini iko tezi, hapo hakuna ujanja. Nahodha yuko tezi kwa kuwa mkono wa kuongozea uko kwenye injini. Madumu matatu ya petroli, ya lita 20 kila moja, yako tezi karibu na mpira wa mafuta. Hayo peke yake ni kilo 45 hivi. Betri nayo ipo hapo hapo, haijulikani inawasha nini. Kisha anafika mheshimiwa. Naye anakaa tezi, kwanza kwa sababu omo hurushiwa maji, pili kwa sababu mkubwa hapendi kuwa na mtu nyuma yake. Mpambe wake anakaa ubavuni pake, na gunia la mchele alilopewa zawadi linawekwa miguuni mwao ili walione. Kule omo kunabaki mwanafunzi mmoja, kuku wawili wamefungwa miguu, na viroba vya dagaa waliokaushwa, mzigo mkubwa kwa macho na mwepesi kwa mizani.

Nahodha anaona yote hayo. Atasema nini? Anayo leseni ya kuombwa, anaye mtoto wa kusomeshwa. Anawasha injini. Boti inatoka taratibu, inashika kasi, inainua uso, na mashtaka yanaanza kusomwa. Mdundo wa kwanza mheshimiwa anacheka. Wa kumi anashika kofia. Wa thelathini simu imemtoka mkononi, na nahodha anapunguza moto na kusema kwa adabu zote:

"Mheshimiwa, samahani, tunaomba usogee mbele kidogo."

"Mbele wapi?"

"Pale kwenye dagaa, mheshimiwa."

"Kwani huyu mtoto hawezi kusogea?"

"Mtoto alishakuwa mbele toka mwanzo, mheshimiwa. Tatizo hana kilo."

Basi mheshimiwa anainuka. Anapita kwa magoti juu ya mizigo ya watu, anashika mabega ya watu aliokuwa hajawasalimia, anasema shikamoo kwa bibi mmoja na samahani kwa wengine watatu, anaketi kati ya kuku na viroba. Omo inashuka. Nahodha anakoleza moto, na boti inateleza kimya. Nimehudhuria vikao vingi vya kuwataka wakubwa wasogee walipo wananchi, vyenye posho na maji ya chupa, na sijaona kilichofanikiwa kwa mita tatu hizi.

Kwa kuwa kila chenye sifa kina mahasidi, mwenye boti na awajue wanaoweza kuuua mdundo wake.

Hasidi mkubwa ni pini. Kwenye bano linaloishika injini kuna safu ya matundu, na pini moja imepita katika mojawapo. Hiyo ndiyo huamua injini iiname kiasi gani. Propela ikiwa imetupwa mbali na kitako cha boti huiinua omo, na mdundo unastawi. Mtu akizima injini, akaiinua, akahamisha pini tundu moja kuelekea kwenye boti, omo hushuka na starehe imekwisha. Ni kazi ya dakika tano, haina spea wala risiti, ndiyo maana mafundi wengi hawaitaji. Kwa bahati njema pini nyingi hazijaguswa tangu injini itoke kwenye boksi, na nyingine zilishapotea, mahali pake ukapigwa msumari wa inchi sita ukapindwa. (Anayezidisha kuisogeza naye ajihadhari: boti italima maji kwa pua na kuvuta upande mmoja, na hilo halina sifa hata moja.)

Hasidi mwingine ni ubao ulionyooka. Fundi mwenye nia mbaya huipindua boti mchangani, akalaza ubao huo juu ya tumbo, kutoka ukingo wa tezi kwenda mbele kama mita moja na nusu. Ubao ukilala sawasawa, bati ni zima, akatafute kosa kwenye mzigo. Ukicheza juu ya tumbo lililovimba, na mwanga ukaonekana karibu na tezi, basi kitako kimebinuka. Alumini ni laini. Boti iliyoburutwa juu ya mawe ya ufuoni ikiwa na shehena, kisha ikaachwa usiku kucha imekalia jiwe moja, huamka na umbo jipya. Boti ya namna hiyo hata pini haiitulizi yote. Itabidi bati linyooshwe, au zifungwe kabari mbili chini ya ukingo wa tezi, ziyasukume maji chini ili nazo zisukumwe juu. Rafiki wa kweli wa mdundo ni yule fundi asiyemiliki ubao, anayesimama mikono kiunoni, akaitazama boti kwa mbali, akasema injini ndiyo ndogo.

Wapo wanaotia farumi: kiroba cha mchanga omo, biashara imekwisha. Kinafaa, sikatai, mradi kifungwe. Jiwe lililoachwa huru ndani ya boti inayodunda ni abiria asiyelipa nauli na asiye na mahali maalumu pa kushukia. Na ile sponji iliyofichwa chini ya sakafu ili boti isizame, ikishalowa maji miaka mingi, huongeza uzito palepale tezi bila mtu kuuona. Sponji hiyo ni mlinzi wa mdundo, maana hakuna anayetaka kukata sakafu kumfikia.

Hapa sifa zangu zinaguna kidogo. Kila mdundo unazigonga ribiti, ribiti zikilegea maji yanaingia, na abiria hukabidhiwa kopo afue maji huku akiwa amelipa nauli ya kukaa. Ufa nao huanza pale kitako kinapoungana na mbavu. Kuchomelea alumini kunahitaji gesi ya agoni na mashine yake. Anayetengeneza mageti ya chuma ataitoboa kabla hajaiunga. Ziwa hili lina kina kinachofika mita mia saba hivi, kwa hiyo boti idunde isidunde, jaketi livaliwe kifuani, lisikaliwe kwa kuwa ubao ni mgumu.

Wanaotaka boti ipelekwe nchi kavu itengenezwe nawakumbusha historia ya pwani hii. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, wameipandisha juu kwa matengenezo pale Liuli, ambapo wakati huo walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe la pale linalofanana na sanamu ya Sphinx. Tarehe 13 Agosti ikaja Gwendolen ya Waingereza chini ya Kamanda Rhoades, ikaipiga mzinga. Kapteni wa Wissmann, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, hakuwa na habari kwamba kuna vita. Akaenda kwa mashua ndogo kumfokea mwenzake, akaambiwa yeye ni mateka. Meli ikatolewa vipuri muhimu, ikaachwa juu ya magogo yake. Sijasikia hata siku moja boti inayodunda, iliyo majini, imetekwa hivyo Liuli.

Hata hivyo wapenzi wa mdundo wasiwe na wasiwasi. Boti niliyoisimulia ilihamishwa pini, madumu yakapelekwa mbele, ikaenda na kurudi imetulia tuli. Mwenye boti alikaa ufuoni akaitazama ikija bila kuinua uso hata kidogo, akaona imepoteza nguvu. Ameshalipia injini nyingine: ile ya zamani ni hosipawa 15, hii ni 40, na uzito wake unakaribia mara mbili. Ataifunga tezi.