Mara 675, na Nyota Isiyotuchomozea

Nadhani watengeneza darubini wote wa dunia hii walikaa kikao kimoja wakakubaliana kwamba wanadamu wanaishi Ulaya. Fungua kijitabu cha maelekezo cha darubini yoyote inayosimama juu ya mtambo wa ikweta, ndivyo unavyoitwa, ule wa kufuata nyota zinavyozunguka. Hatua ya kwanza: lenga mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Haya. Mimi ni mkaaji wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro nchini Uganda, kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja. Nyota ya Kaskazini kwetu haivuki vilima. Iko huko chini inawaangazia wenyewe. Na huo mhimili, ukiufuatisha na mahali tulipo, lazima ulale chali kabisa, wakati vyuma vya bei yetu havijui kulala: kile kizito cha kusawazisha kinagonga mguu wa stendi kabla hujaona hata Zuhura.

Chati zao za duara nazo ni hivyohivyo. Zimechorwa kwa mtu wa London, Msalaba wa Kusini haumo kabisa. Hata mwezi mchanga wameuchora umesimama wima, nasi wetu jioni hulala kama mtumbwi wa wavuvi wa ziwa Nakivale.

Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma Mbarara aliponiambia, “Mjomba, wewe kila usiku shingo juu, si ununue darubini tu,” niliteremka mjini nikiwa tayari nimenuna.

Mwenye duka alinipokea kwa “karibu sebo,” kisha akabadili kuingia Kiswahili. Kiswahili cha Mbarara unakijua: kimetoka jeshini, hata salamu ni amri. “Nunua hii! Inakuza mara 675!” Juu ya sanduku palikuwa na picha ya Zohali na pete zake, rangi tele, na mtoto wa kizungu anayecheka. Nikauliza lenzi ina upana gani. Akasema ni kubwa. Kubwa kiasi gani? Ya kutosha, sebo.

Nikaisoma mwenyewe kwenye ukingo wa bomba: milimita 60. Sasa kanuni ya wazee wa kazi hii ni kwamba kila milimita moja ya lenzi inabeba ukuzaji wa mara mbili, isizidi. Milimita 60 zitakupa mara 120, tena hewa ikiwa imetulia na lenzi ikiwa ya maana. Ukivuka hapo unakuza ukungu tu. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga kwanza, na mwanga unaingia kwa upana wa lenzi, hauingii kwa namba za kwenye sanduku. Nilipomweleza hayo akanitazama kwa huruma, akanionyesha tena yule mtoto anayecheka.

Stendi ndiyo ilinimaliza. Miguu mitatu myembamba ya bati ambayo ukigusa skrubu ya kulengea, mwezi unatoka mlangoni, unazunguka, unarudi ukipenda. Boda ikipita barabarani ndiyo basi. Na humo sandukuni kuna kioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho ili utazame jua. Hapo sifanyi mzaha: kitupe. Joto la jua likikusanyika pale kinaweza kupasuka jicho likiwa hapohapo.

Bei alianzia laki tatu na nusu. Mtu akisikia Kiswahili changu cha Kivu bei hupanda, anadhani UNHCR ndiyo inayolipa. Ndugu yangu, tangu 2023 mgao wetu umepangwa kwa makundi, kuna wanaopata na wasiopata, na mimi nitoe laki tatu ninunue tetemeko?

Nilichonunua nilikikuta kwenye mitumba, kati ya pasi na viatu vya kuteleza kwenye barafu (sijui aliyevileta Mbarara aliwaza nini): darubini ya macho mawili, imeandikwa 7x50. Saba ni mara inazokuza, hamsini ni upana wa kila lenzi kwa milimita. Kwa anayeanza, basi, hizo au 10x50. Zaidi ya kumi mkono unatikisika na nyota zinacheza. Zile za kuvuta na kurudisha ukuzaji ziache. Zenye lenzi nyekundu inayong'aa ziache pia, hizo zimepakwa za kupendeza machoni pa mnunuzi.

Na usilipe kabla hujaikagua. Ishike mbali na uso, mkono umenyooka, utazame vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za jicho: viwe duara kamili, visikatwe pembeni. Itikise, isilie kitu ndani. Ichungulie kwa upande wa mbele uone kama ukungu wa kuvu umeota. Kisha soma nayo bango la upande wa pili wa barabara. Ukiona mabango mawili, au kichwa kikianza kuuma, vioo vyake vimesogea, irudishe kwenye viatu vya barafu. Yangu ilipita yote, nikalipa elfu sitini, na muuzaji akanihurumia kwamba haina namba kubwa.

Stendi ni turubai. Unalala chali. Oriyoni huku anapita karibu na utosi, mwenye kusimama atavunja shingo. Mwezi wa Juni, mvua zikishakatika, saa mbili usiku tazama kusini: Msalaba wa Kusini umesimama. Geuka kaskazini: Dubu Mkubwa kapinduka kichwa chini. Kwa wakati mmoja! Yule wa London hapati hiyo hata akiuza gari. Kilimia, ambacho kwa macho matupu ni nyota sita saba, kinafumuka kuwa makumi. Mshtarii ukiegemeza viwiko vizuri unauona na miezi yake, ile minne aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Na giza, kwa kweli, ndilo kitu pekee Nakivale tunachopewa bila kupanga foleni, ukiondoa jirani na taa yake ya sola anayoiacha inawaka hadi alfajiri ikilinda kuku wawili. Macho yanahitaji kama nusu saa kulizoea giza; tochi yangu nimeifunga kaveera, mfuko wa plastiki mwekundu. Jirani ya kwake amekataa.

Huyohuyo jirani ndiye aliyekwenda kunisemea kwamba kuna mtu anachungulia nyumba za watu usiku. Mwenyekiti akaja, nikamlaza kwenye turubai, nikamwelekeza Mshtarii. Akakaa kimya. Halafu: “Hiyo minne, imeandikishwa?” Mama mmoja, wa pili kwenye foleni ya kutazama, alitaka kujua kama darubini inafika Marekani, maana kesi yake ya kuhamia huko ina miaka haijasogea, labda angeona faili lilipokwama.

Sasa foleni imekuwa ndefu na nimeanza kutamani kubwa zaidi. John Dobson, mtawa wa San Francisco, alikuwa anasugua vioo vya darubini kwa mkono kutoka vioo vya madirisha ya meli, kisha anaweka bomba kwenye sanduku la mbao linalogeuka kushoto, kulia, juu na chini. Hakuna mhimili wa kulenga kwenye Nyota ya Kaskazini, ikweta hailisumbui. Alitoka utawani mwaka 1967, akawa anawaonyesha wapita njia mwezi barabarani. Nikampelekea seremala wetu mchoro. Akaugeuzageuza, akaniambia mzinga wa nyuki anaujua, nisimfundishe, akatoboa tundu mahali pasipo pake.

Kioo cha milimita 114 bado nakitafuta. Sanduku limekamilika, limepigwa vanishi, na mama watoto anatunzia humo vitunguu.