Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayetaka Kurudi Darasani Bila Sababu ya Msingi

Kwanza kabisa, tafuta uongo mzuri. Usijiandikishe kwenye darasa lolote la jioni kabla hujaupata, kwa sababu hujamaliza hata kujaza fomu utakuwa umeshaulizwa: "Sasa hiyo inakusaidia nini?" Ataanza shemeji yako, atafuata fundi viatu wa mtaani, na bosi wako atauliza kwa jicho. Ukisema unajifunza Kijerumani, watataka kujua unasafiri lini. Ukisema husafiri, watajua unasafiri na unaficha. Ukisema unaipenda tu lugha yenyewe, watakunyamazia na kukuangalia kama mtu anayehitaji kuombewa. Majibu yanayokubalika ni matatu: cheo, biashara na viza. Chagua moja, lishike, na umwambie mwenza wako mapema asije akakuumbua mbele za wageni.

Wala usiwalaumu. Nchi hii ya Tanzania iliwahi kuwapeleka watu wazima darasani kwa mamilioni, na kila mmoja alikabidhiwa sababu yake mlangoni. Usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa imeshaanza, tangu 1968 na kwa msaada wa UNESCO, kujaribu kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, wa migomba kwa kitabu cha migomba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Sijasikia mvuvi aliyepewa kitabu cha nyota, ingawa kama kuna mtu anayezitazama usiku kucha ni yeye. Ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Takriban watu milioni 2 walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo. Walichimba kwelikweli. Ni vigumu kubishana na elimu inayoacha choo nyuma yake, na sisi tuliolelewa na wale wachimbaji tumerithi imani kwamba somo lisiloacha shimo, zao au cheti halijafundishwa.

Kwa hiyo, ukitaka kuishi kwa amani, chagua darasa lenye sababu inayoonekana kwa mbali. Kozi fupi za VETA hazina maswali: udereva, umeme wa majumbani, upishi, ushonaji. Kompyuta nayo ni salama, ila jiandae kuchapa barua za maombi ya kazi za vijana wote wa mtaa. Madarasa ya jioni ya Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, yanaheshimika kabisa, na hapo naomba tuache mzaha kidogo. Mle utawakuta walinzi waliotoka lindoni, mama lishe waliofunga banda saa kumi na moja, kinadada waliokatishwa shule miaka mingi nyuma. Wao wanajua wamefuata nini, na hawana muda wa kusikiliza habari za udadisi wako. Ukibahatika kukaa karibu nao, nyamaza na unakili.

Madarasa ya lugha ndiyo yenye mitego. Darasa la Kijerumani la ngazi ya A1 linaonekana la amani mpaka siku ya kujitambulisha. Ujerumani huwataka wenza wengi wanaohamia huko wawe na cheti cha ngazi hiyo, basi kila anayesimama anasimulia habari za mchumba. Mchumba wa Hamburg, mchumba wa Stuttgart, mume aliyetangulia. Zamu yako ikifika, ukisema huna mchumba wala mpango, darasa zima litakuonea huruma na kuanza kukutafutia.

Sasa siku ya kwanza yenyewe. Kiti kitakuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa miaka kumi na tatu. Kalia ukingoni, usijaribu kukunja nne. Mwalimu atakuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ataingia na makaratasi yake, ataziona mvi, na hatua zitampungua. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, atasema: "Shikamooni." Darasa litaitikia "Marahabaaa" kwa sauti nzito ya ukoo, na kuanzia dakika hiyo kijana wa watu hana tena mamlaka ya kumuuliza mtu yeyote kwa nini hakufanya zoezi.

Ndiyo maana mwalimu wa watu wazima hakosoi, anabembeleza, nawe usipojua kumtafsiri utamaliza muhula mzima ukidhani unafaulu. "Mzee amejaribu" maana yake umepata sifuri. "Mama amesema vizuri, nani anaongezea?" maana yake mama amekosea tangu neno la kwanza. "Hilo nalo ni wazo" maana yake tafadhali usilirudie. Na akisema "tutalirudia wiki ijayo," basi yeye mwenyewe halijui, na wiki ijayo mwenye adabu hamkumbushi. Siku ukisikia "hapana, si hivyo," shangilia. Amekukubali kuwa mwanafunzi.

Kuhusu wenzako, sitakuchosha. Yuko aliyesoma Urusi enzi za ujamaa, ambaye kila somo, hata la mapishi, linamkumbusha baridi ya Leningrad. Yuko anayepokea simu darasani na kunong'ona "niko kikaoni" kwa sauti inayosikika barabarani. Na yuko dada mmoja kimya kule nyuma ambaye haulizi chochote, haandiki sana, na ndiye atakayewashinda wote.

Hatari kubwa zaidi ni kikundi. Watu wazima kumi na wawili hawawezi kukutana mara tatu mahali pamoja bila kupata mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kitaanza kama kundi la WhatsApp la kutumiana mazoezi. Wiki ya pili zitaingia picha za maua zenye maneno "Asubuhi njema". Wiki ya nne mtoto wa mwenzenu anaolewa, na kadi ya mchango inatua na jina lako. Kufikia katikati ya muhula mmeshaanzisha kikoba, na kuna mjadala mkali kuhusu faini ya wachelewaji, kuchelewa kikoba, maana kuchelewa somo hakuna anayejali. Najua kikundi cha darasa la upigaji picha ambacho hakijapiga picha muda mrefu sana, na hakijaacha kukutana hata mwezi mmoja.

Nyumbani, usifanyie mazoezi yako sebuleni. Mtoto wa darasa la tano atakusogelea, atachungulia daftari, atacheka kwa pua, kisha atakurudishia kauli yako mwenyewe neno kwa neno: "Hebu soma swali vizuri." Hutakuwa na jibu. Ukipenda heshima yako, fanyia jikoni watu wakishalala.

Wapo waliojaribu njia ya wazi. Januari 2004 mjini Eldoret, Kenya, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, baada ya serikali kufuta ada mwaka mmoja kabla. Hakutafuta darasa la watu wazima wala kona ya kujificha. Alivaa sare, kaptura na soksi ndefu, akaingia shule ile ile waliyosoma wajukuu zake wawili. Mwaka uliofuata alikuwa kiranja mkuu, akapelekwa hadi New York kuuhutubia Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila malipo. Wengi humkumbuka kwa kaptura. Mimi namkumbuka kwa sababu aliyoitoa: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa alishuku kwamba wahubiri hawakuwa wakiisoma sawasawa.

Isome tena sababu hiyo. Mzee hakuhitaji kazi, cheo wala viza. Alitaka kuhakiki. Hapo ndipo mwongozo huu unapokuonya kwa dhati, maana mtu anayesoma kwa ajili ya cheti huacha akikipata, lakini huyu wa kuhakiki hana pa kuachia. Nyerere aliliona mapema: katika hotuba ile ya kuukaribisha 1970 lengo la kwanza alilolitaja halikuwa pamba wala choo, lilikuwa kuwatoa watu katika mazoea ya kukubali maisha kama yalivyo. Sisi tulishika majembe, tukalisahau lengo la kwanza.

Mfikirie mjukuu wa Pwani anayejifunza kusoma hati za Kiarabu, kwa kupenda tu, kusudi azisome karatasi za Kiswahili alizoziacha babu ndani ya sanduku. Ukoo unamsifu. Shangazi anampikia. Anasoma barua moja ya salamu, anasoma nyingine ya deni la karafuu, watu wanafurahi na kufuta machozi. Kisha anafika kwenye karatasi inayosema kwamba lile shamba, ambalo ukoo umeligawana mara mbili na kulipigania mara tatu, babu aliliazima. Siku hiyo hakuna anayemuuliza elimu yake inasaidia nini. Wanamuuliza nani alimtuma.

Mambo hayaishii kwenye masanduku. Aliyepita darasa la hesabu za biashara kwa kujifurahisha ataomba kuliona daftari la mweka hazina. Aliyejifunza sheria kidogo jioni atasoma mkataba wa pango hadi ukurasa wa mwisho, mwenye nyumba akisubiri na kalamu mkononi. Aliyejifunza lishe atageuza pakiti ya juisi na kusoma maandishi ya nyuma mbele ya mwenye duka. Binafsi naona hawa ndio wanafunzi bora nchini, na ninawaonea huruma wanaoishi nao.

Kama bado una nia ya kwenda, fika mapema ukae mbele, beba miwani na kalamu mbili, maana wa Leningrad hatakuwa nayo. Na hakikisha umeamua kweli kabla ya kulipa: ada ikishapokelewa hairudishwi.