Shukrani kwa Hazina ya Taifa: Barua ya Wazi Kuhusu Asilimia Mbili

Kwa Waziri wa Hazina ya Taifa na Mipango ya Kiuchumi, Nairobi

KUH: UFADHILI WA WATAFITI CHIPUKIZI WA AFYA YA AKILI

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 hakina mafumbo. Kinaitaka Hazina, kila mwaka wa fedha, iupe Mfuko wa Taifa wa Utafiti kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya pato la taifa. Kwa pato la mwaka 2023, lililokuwa takriban shilingi trilioni 15, hesabu hiyo inafika bilioni 300. Kiasi hicho hakijawahi kutolewa, wala robo yake. Hazina inastahili pongezi. Kuikiuka sheria kila Juni, mchana kweupe, mkoba wa bajeti ukiwa umeinuliwa mbele ya kamera, na jioni yake taifa zima likajadili bei ya unga tu, ni ustadi usiopatikana kwa siku moja.

Ustadi huo una historia. Mwaka 1980, katika Mpango wa Utekelezaji wa Lagos, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa sayansi na utafiti. Mwaka 2007 viongozi wa nchi walikutana Addis Ababa wakaiahidi tena asilimia ileile. Kenya ilipoona ahadi ya asilimia 1 imelilemea karibu bara zima, ikaweka 2 katika sheria, kama mkopaji ambaye akishindwa kulipa mia huahidi mia mbili.

Anayeumia kwanza ni mtafiti chipukizi. Kwa wafadhili wengi, jina hilo humpata mtu aliyehitimu uzamivu katika miaka michache iliyopita na ambaye bado hajaongoza utafiti wake mwenyewe. Nchini Kenya mtu huyu hupatikana zaidi barabarani, kati ya chuo kimoja na kingine, kwa kuwa hufundisha kama mhadhiri wa muda katika vyuo viwili au vitatu na kuvidai vyote. Usiku husahihisha mitihani; alfajiri huandika maombi ya ruzuku. Maombi hudai ushahidi wa awali, na ushahidi wa awali hudai ruzuku. Wenye ujasiri huukusanya kwa mkopo wa sacco. Takwimu zikishatimia, miaka iliyowekwa na mfadhili nayo imeshatimia, na mhusika hutangazwa kuwa si chipukizi tena, ingawa hakuna mahali alipowahi kuchanua. Hazina itendewe haki: hata Marekani, ambako hela zipo, mwanasayansi wa tiba hupata ruzuku yake kubwa ya kwanza kutoka Taasisi za Taifa za Afya, NIH, akiwa ameshavuka miaka 40. Ila yule wa Marekani husubiri akiwa na mshahara.

Katika afya ya akili hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliripoti kwamba huduma za afya ya akili zilikuwa zikipata takriban asilimia 0.01 ya bajeti ya afya. Huduma yenyewe ikipata hiyo, fungu la kuitafiti halihitaji kikokotoo. Mwaka 2020 jopokazi lililoundwa na serikali lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lilitaka pia iundwe tume ya afya ya akili na furaha, ambayo kila mwaka ingetoa kipimo cha furaha ya Wakenya. Wazo ni zuri, na wapimaji wapo: ni walewale wanaosahihisha mitihani usiku. Kilichokosekana ni hela za kupimia, jambo ambalo lenyewe lingeweza kuingizwa katika matokeo.

Utafiti wa aina hii hudhaniwa kuwa rahisi kwa sababu hauna mashine. Ni kweli kwamba hakuna anayehitaji darubini ili kuuliza swali. Lakini swali la tisa la PHQ-9, hojaji inayotumika sana kupima sonona, huuliza kama mhojiwa amewaza kwamba heri afe, au ajidhuru. Akijibu ndiyo, saa nane mchana, nyumbani kwake, mbali na hospitali ya kaunti, mtafiti hawezi kutia alama kwenye kisanduku na kusogea nyumba ya pili. Kamati ya maadili humtaka aeleze tangu mwanzo ni mshauri nasaha yupi atakayepigiwa simu, ni gari gani litakalompeleka mtu huyo hospitalini, na nani atakayerudi baada ya wiki kumjulia hali. Wahojaji lazima wafunzwe, tena kwa siku nyingi, maana swali kama hilo likiulizwa vibaya hujibiwa vibaya au humuumiza anayeulizwa. Baada ya miezi sita mhojiwa atafutwe tena, na huenda amehama, amebadili laini ya simu au amechoka na maswali. Yote hayo yana bei, na katika bajeti ya ruzuku ndogo mengi huangukia mstari wa "mengineyo", ambao ndio hukatwa kwanza.

Sheria nayo ilisaidia kupunguza gharama. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mtu aliyeulizwa kama amewahi kujaribu alikuwa akiombwa kukiri kosa mbele ya mgeni mwenye kalamu. Swali la namna hiyo halivutii majibu ya kweli; idadi hubaki ndogo, na tatizo dogo halidai bajeti.

Pengo lililobaki Hazina imewaachia wageni, jambo lisilo na gharama yoyote. Kilifi, utafiti unaoheshimiwa duniani umeendeshwa tangu 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wakfu wa Wellcome wa London na Chuo Kikuu cha Oxford. Hela nyingine hutoka NIH, nyingine Kanada. Ni msaada wa kweli, umelea wanasayansi wengi, na lawama si za watoaji. Ila mtoaji ndiye huchagua swali, na mara nyingine ndiye huleta rula. PHQ-9 yenyewe ilitengenezwa Marekani kwa ruzuku ya Pfizer, kampuni ya dawa, na leo inapimia huzuni ya Kakamega na ya Kwale. Isitoshe, msaada wenyewe ni mwembamba. Ripoti ya mwaka 2020 ya muungano wa wafadhili wa utafiti wa afya ya akili ilikuta kwamba, katika hela zote zilizotumika duniani kwa utafiti huo, asilimia 2.4 tu ndiyo iliyotumika katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kipande cha Kenya hugombewa humo humo, pamoja na India, Brazil na Nigeria.

Mwaka 2025 utaratibu huu ulipata ajali. Mwezi Mei NIH ilitangaza kwamba vyuo vya Marekani havitagawa tena ruzuku zake kwa washirika wa nje hadi utaratibu mpya uwekwe. USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai. Watafiti wengi wa sonona barani Afrika walikuwa wamejishikiza kwenye miradi ya Ukimwi, ambako ndiko hela zilikokuwa, na miradi ilipoyumba wakayumba nayo. Tarehe 1 Julai, kwa wasioikumbuka, ndipo mwaka wa fedha wa Kenya huanza. Washington iliacha kutoa siku ileile Nairobi ilipoanza mwaka mwingine wa kutotoa.

Hazina ikiuliza faida ya haya yote, mifano ipo. Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na akina nyanya 14 wa kitongoji cha Mbare, waliofunzwa kuzungumza na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio la watu 573 lililoonyesha kwamba njia hiyo hupunguza dalili za sonona na wasiwasi lilichapishwa 2016, kwa fedha za Kanada. Miaka kumi ilipita katikati. Nchini Kenya, Tom Osborn alikuwa bado mwanafunzi wa Harvard alipoanzisha Shamiri, mpango ambao ndani yake vijana waliomaliza sekondari juzijuzi huongoza wanafunzi katika vikao vinne vifupi. Matokeo ya kutia moyo yalichapishwa 2021. Njia zote mbili ni nafuu kuliko kujenga Hospitali ya Akili ya Mathari ya pili, na hiyo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910. Kwa mpenda kubana matumizi hizi ni habari njema, ingawa hakuchangia kuzipata.

Yapo mambo ambayo Hazina inaweza kuyafanya bila kutoa shilingi. Kifungu cha 32 kirekebishwe, "asilimia mbili" ifutwe na mahali pake paandikwe "kitakachobaki". Umri wa uchipukizi uongezwe hadi siku ya kustaafu, ili pasiwe na atakayepitwa na muda wa kuomba. Kipimo cha furaha kianzie katika jengo la Hazina lenyewe, Harambee Avenue, ambako matokeo yanatarajiwa kuwa mazuri.

Endapo mapendekezo hayo hayalingani na hadhi ya ofisi, lipo moja lenye gharama. Ndani ya Mfuko litengwe fungu la ruzuku za miaka mitatu kwa watafiti wa afya ya akili ambao hawajafikisha miaka kumi tangu uzamivu, miaka ya uzazi na ya kungoja kibali isihesabiwe. Ruzuku ilipe mshahara wa mtafiti mwenyewe na nauli za wahojiwa, na mstari wa mshauri nasaha usiguswe na mkaguzi yeyote mwenye mkasi. Hela zitoke katika robo ya kwanza ya mwaka, kwa kuwa zinazotoka Juni hurudi Hazina zikiwa nzima.

Nakala: Wizara ya Afya, kwa taarifa; Mfuko wa Taifa wa Utafiti, kwa pole.